Tupeane uzoefu: wapiga debe wa spika na ampu wasiojitambulisha

Fundi wa Ngamiani (mwanzisha uzi)
Wadau wa muziki mnene hapa Tanga, salaam. Karibu kila kundi la wapenda saundi lina mtu anayesifia kifaa kilekile asubuhi mpaka usiku, na wanaomsikiliza hawajui kwamba kila mteja akienda dukani yeye ana cha juu chake. Kuuza si kosa. Kosa ni kujifanya mnunuzi mwenzetu. Pesa ya ampu moja kwa mtu wa Makorora au Chumbageni si ndogo, na akipigwa mara moja hatamwamini tena hata fundi mkweli.

Tuwekeane hapa dalili na namna ya kupima madai. Majina ya watu na maduka tusiweke.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni kasoro. Muulize, "Hicho kifaa kinakera wapi?" Mwenye kifaa nyumbani atakujibu papo hapo: volyumu inakwaruza, feni inalia usiku, rimoti haishiki ukikaa pembeni, kuna mngurumo waya wa simu ukichomekwa huku simu iko kwenye chaji. Mpiga debe atakwambia hakina tatizo lolote, inapiga balaa, njoo inbox. Ukimuuliza spika ya omu ngapi (ukinzani wake wa umeme) na adapta ya volti ngapi, anakurudishia sifa.

Ya pili ni picha. Ampu anayodai iko sebuleni kwake imekaa juu ya kaunta ya kioo, nailoni haijatolewa. Ipitishe picha hiyo kwenye Google Lens. Mara nyingi utaikuta kwenye matangazo ya wauzaji wengine.

Bint Makorora
Ahsante fundi. Mimi niongezee kwenye wati, maana hapo ndipo uongo mwingi unapopita.

Chukueni zile bodi ndogo za ampu zenye chipu ya TPA3116 zinazosifiwa kuwa "wati 100 kwa 100". Chipu hiyo, kwa karatasi ya mtengenezaji, inatoa wati 50 kila upande kwenye spika ya omu 4 ikipewa volti 21. Sasa mtu anauziwa pamoja na adapta ya volti 12. Hesabu: volti zidisha kwa volti, gawa kwa omu mara mbili. 12 × 12 ni 144, gawa kwa 8 (omu 4 mara mbili), unapata wati 18. Ukitoa hasara za ndani, sauti safi inaishia kwenye wati 15 hivi kila upande. Spika ikiwa ya omu 8, inakuwa nusu ya hapo.

Kwa hiyo kabla ya kusikiliza sifa, geuza adapta usome kibandiko. Volti 12, ampea 5, ni wati 60 basi, kwa pande zote mbili pamoja na joto linalopotea. Ampu haiwezi kutoa kwa mfululizo zaidi ya inachoingiza. Mtu anayekutajia wati 200 huku kaacha kutaja adapta, ama hajui ama anauza.

Mzee wa Sabufa
Bint Makorora kasema kweli tupu. Nitoe njia ya kupima bila mashine ya bei.

Tafuta rezista ya omu 8 ya wati 100, ile ya bati la rangi ya dhahabu yenye matundu ya skrubu, uifunge kwenye hitsinki (bati la kutolea joto). Hiyo ndiyo inakaa badala ya spika. Simu iwe na programu ya kutoa mlio, weka hezi 100. Usitumie 1,000, multimita nyingi za bei rahisi hazisomi vizuri ukipita 400 hivi. Multimita iweke volti za AC, pima kwenye rezista huku unapandisha volyumu polepole. Utafika mahali volyumu inaendelea kupanda lakini volti zinasita. Rudi nyuma kidogo, soma. Volti hizo zizidishe zenyewe kwa zenyewe, gawa kwa 8.

Aliyesema wati 200 kwenye omu 8 lazima akuonyeshe volti 40. Ikigota kwenye 15, hiyo ni wati 28.

Tahadhari: ampu nyingi za kisasa waya wake hasi wa spika si wa ardhini. Usiunganishe hasi za pande mbili pamoja, wala usizigusishe na bodi ya chuma. IC (chipu ya ampu) inaungua hapohapo, na muuzaji atasema umeiharibu mwenyewe. Mtihani usizidi sekunde chache, rezista inachemka kweli.

Na herufi PMPO mkiziona kando ya wati, zipiteni. Hazina kanuni moja ya upimaji, kila mtu anaandika atakalo. Marekani tatizo hili la wati za kupaka rangi lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1974 Tume ya Biashara ya huko iliweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu ya ampu. Huku kwetu muulize muuzaji wati za RMS, yaani za mfululizo, ni ngapi na kwenye omu ngapi.

Duga Saundi
Shikamoo mzee wangu. Kuna mchezo wa onyesho nao tuusemee, kwa sababu hata fundi mzoefu anaingia.

Mpiga debe anawasha ampu mbili kukulinganishia. Ya kwake kaipandisha kidogo tu, kiasi ambacho hutambui kuwa ni sauti kubwa. Sikio halisemi "hii imepanda", linasema "hii iko wazi zaidi". Desibeli moja inatosha kukudanganya. Dawa yake ni multimita ileile: mlio mmoja, spika moja, pima volti kwenye spika. Ikiwa moja inasoma 2.00 na nyingine 2.04, mko sawa vya kutosha. Ikiwa 2.00 na 2.30, hilo si pambano, ni zaidi ya desibeli moja.

Halafu usikubali akuchagulie nyimbo. Anaweka besi tupu, kifua kinatetemeka, umeshalipa. Njoo na taarabu ya ala kamili: fidla zikipanda pamoja na sauti ya mwimbaji, sikiliza kama zinachanganyikana na kuwa ukelele mmoja. Hapo kifaa kibovu hakijifichi.

Mama Raskazone
Na anayepewa spika bure aisifie, bila kulipwa senti, naye anatakiwa kusema?

Fundi wa Ngamiani
Anatakiwa, mama. Bure ni malipo. Wamarekani waliliandika wazi kwenye mwongozo wao wa 2009: mwenye uhusiano na muuzaji, wa pesa au wa zawadi, autaje. Kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha wateja katika biashara, na Tume ya Ushindani ndiyo inayosimamia.

Maneno yenyewe hayazidi mistari miwili, na yakae MWANZO wa ujumbe, si chini kabisa baada ya picha kumi: "Spika hii nimepewa na duka, sikulipa. Nikikuletea mteja napata kamisheni." Au: "Ampu hii naiunga mwenyewe na kuiuza." Aseme kapata wapi, kalipa ngapi, anapata nini mtu akinunua. Baada ya hapo asifie atakavyo, sisi tutapima.

Viungo vya mtandaoni navyo visomwe mwisho wake. Ukiona ref, aff au tag, kisha namba au jina, mara nyingi aliyekitoa anapata fungu.

Duga Saundi
Wasimamizi wengine dawa yao ni kufukuza kila anayeuza. Mimi napinga kabisa. Wanaojua kubadili koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni ya spika), wanaojua transista feki kwa kuitazama, wengi wao ni mafundi wanaouza. Ukiwafukuza, wakweli wanaondoka na ujuzi wao, na wale wa kujificha wanabaki kwa sababu hawakuwahi kujitaja. Bora jina la muuzaji liwe na alama, na matangazo yapewe siku yake.

Mzee wa Sabufa
Marahaba Duga. Naunga mkono, na kwenye koili nimalizie. Sabufa ya inchi 12 inayosifiwa "wati 1000", muulize kipenyo cha koili. Ikiwa inchi moja na nusu, wati zake za kweli ni mia au pungufu, hata sumaku iwe kubwa vipi. Na sumaku yenyewe gonga kwa kucha: nyingine zimevalishwa kava la plastiki, ndani kuna uwazi. Kisha pima omu kwenye terminali. Spika ya omu 8 inasoma kati ya 5.5 na 7; ya omu 4 inasoma 3 na kitu. Ikisoma 3.4 na imeandikwa 8, usiifunge kwenye ampu ya omu 8, utachoma transista.

Bint Makorora
Waya pia jamani. "Shaba asilimia mia" kwaruzeni uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha sauti, lakini chukua iliyo nene zaidi, na msilipe bei ya shaba.