Tunarudi Dar: mtoto wa miaka sita aingie darasa la ngapi?

Kutoka: Mama wa wawili, Leicester

Ndugu zangu, salaam. Julai hii 2026 tunarudi nyumbani moja kwa moja, tutaanzia Tabata Segerea. Kijana wangu alitimiza miaka sita Novemba iliyopita. Anasoma vitabu vya watoto wa miaka tisa, na hesabu za kuzidisha anazifanya kichwani tukiwa kwenye basi. Hapa Uingereza shule imekataa kumpandisha, wanafuata tarehe ya kuzaliwa. Shule moja ya binafsi ya Dar niliyoipigia simu imesema aje afanye intavyuu, akifaulu watamweka darasa la tatu. Mume wangu anaona hiyo ni bahati. Mimi moyo unasita. Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu kwa Kiingereza. Waliopitia haya naomba mnishauri kabla sijalipa ada.

Kutoka: Mwalimu, Tabata

Dada yangu, karibuni nyumbani. Nafundisha madarasa ya chini hapa mjini miaka mingi sasa, na kila Julai na Januari napokea watoto kama wako. Ninavyoona mimi, aingie darasa la kwanza amalizie muhula wa pili, Januari apande la pili pamoja na wenzake, na habari ya kumrusha mje kuizungumza akiwa hukohuko la pili. Darasa la tatu Julai hii, hapana.

Tuanze na umri. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, inataka mtoto aanze darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Wako Januari iliyopita alikuwa na sita na miezi miwili, kwa hiyo rika lake wako darasa la kwanza. Yuko mbele yao kwanza kwa sababu Uingereza watoto wanaanza shule na miaka minne, na pili kwa sababu ana akili kweli. Hayo mawili usiyachanganye. La kwanza litapungua lenyewe baada ya mwaka mmoja, la pili litabaki, na hilo la pili ndilo la kupimwa.

Halafu sera hiyohiyo imeshakata mwaka mzima. Elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, na waliokuwa darasa la tatu 2024 ndio wa kwanza kumalizia la sita, mwaka 2027. Sasa piga hesabu. Mwanao akikaa na rika lake atamaliza la sita 2031 na kuingia kidato cha kwanza Januari 2032, na miaka kumi na miwili. Akianza la tatu Julai hii, atamaliza 2029 na kuingia sekondari Januari 2030 akiwa na miaka kumi na miezi miwili. Dada, kumi! Atakaa dawati moja na wavulana ambao sauti zimeshaanza kuwa nzito. Nimewaona watoto wa hivyo. Darasani wanajibu maswali yote, mapumziko wanakaa karibu na ofisi ya walimu.

La Kiswahili ndilo linalonipa shaka zaidi. Intavyuu nyingi za shule za mchepuo wa Kiingereza zinapima Kiingereza na hesabu tu. Mwanao atazipita bila jasho. Lakini Kiswahili ni somo hata kwenye shule hizo na kinatahiniwa kitaifa. Darasa la kwanza na la pili ndiko tunakojenga KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Akirukia la tatu sasa, mwakani yuko la nne na anafanya upimaji wa taifa, hajakaa nchini hata mwaka mmoja na nusu.

Mwaka juzi nilipokea binti aliyetoka Kanada, msomaji hodari. Imla ya kwanza nikasoma: ng'ombe, nyanya, mbwa, dhahabu. Akaandika "gombe", "nianya", "umbwa", na kwenye dhahabu akaweka kalamu chini akanitazama. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa hajapewa nafasi ya kupita mahali ambapo herufi hizo zinafundishwa. Tatizo lake jingine lilikuwa mkono. Huku madarasa ya juu mwalimu anajaza ubao, watoto wananakili, kisha ubao unafutwa. Yeye aliandika taratibu, herufi nzuri za kupendeza, na kila siku alibaki na nusu ya kazi. Kichwa chake kilikuwa cha darasa la nne, mkono ulikuwa wa miaka sita.

Kuna jambo la kumbukumbu pia, na wazazi wengi hawalijui. Kila mwanafunzi wa msingi ana namba ya PREM, mfumo wa Baraza la Mitihani, na usajili wa mitihani ya taifa unapita humo. Mtoto akirushwa kwa maneno ya mdomo, anakaa la nne huku kwenye mfumo bado yuko la tatu, kinachotokea ni kwamba wakati wa kusajili watahiniwa jina halipo. Mtoto wa jirani yangu lilimkuta hilo. Shule siitaji, lakini mtoto alirudishwa darasa katikati ya mwaka mbele ya wenzake, na aibu ile ilimkaa. Kwa hiyo darasa lolote mtakalokubaliana, ombeni kuona limeandikwaje kwenye PREM.

Na waulize hao wa simu swali moja: darasa la kwanza na la pili kuna nafasi? Mara nyingi madarasa ya chini yamejaa na la tatu lina viti. Sisemi ndivyo ilivyo kwao, lakini jibu lao litakusaidia kupima ahadi yao.

Msinielewe kwamba napinga kurusha watoto. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilitoa ripoti mwaka 2004 iliyokusanya tafiti za miaka mingi, na ikaonyesha kwamba mtoto mwenye kipawa akipandishwa kwa mpango mzuri kwa kawaida anafaidika, tena hata kwa upande wa marafiki. Ila kwenye kipimo chao cha kuamua kuna mambo yanayozuia kabisa: mtoto mwenyewe asipotaka, au akiwa anapelekwa darasa alilomo ndugu yake. Hayo hayaangalii alama za hesabu.

Njia ninayoipenda ni kupandisha somo badala ya mtoto. Omba kipindi cha hesabu awe anakwenda darasa la juu, kisha anarudi kwa wenzake. Terence Tao wa Australia, mmoja wa wanahisabati wakubwa duniani leo, akiwa mdogo alikuwa anasoma hisabati na wanafunzi wa sekondari huku masomo mengine akibaki na watoto wa shule ya msingi. Hapa Dar inawezekana kama vipindi vya hesabu vya madarasa mawili vimepangwa wakati mmoja na mwalimu wa juu ameridhia. Mwone huyo mwalimu mwenyewe, usiishie kwa mkuu wa shule.

Na usiogope kwamba akibaki na rika atapoteza. Shule za serikali za vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Kilakala zinachagua kwa ufaulu wa mtihani wa kumaliza msingi. Bora afike hapo na alama za juu kuliko afike mapema na alama za wastani.

Kutoka: Baba, zamani Houston, sasa Mbezi

Mwalimu, shikamoo. Naomba nitofautiane nawe kidogo. Binti yetu alitoka la pili akaenda la nne, na hatujajuta. Kabla ya hapo alikuwa analia kila asubuhi, anasema wanarudia mambo yaleyale, akaanza kujifanya mgonjwa. Tulivyombadilisha, machozi yaliisha. Lakini nakiri mambo matatu: alikuwa ameshakaa hapa mwaka na nusu, Kiswahili kimeshamwingia, na tulibadilisha Januari, si katikati ya mwaka. Jingine ambalo hatukulitarajia ni bweni. Tangu 2023 serikali imekataza bweni kwa watoto wa awali hadi la nne, hivyo tulikuwa salama. Alipofika la tano akiwa bado mdogo, shule ikaanza kutusukuma alale hukohuko. Tulikataa. Dada wa Leicester, liweke akilini.

Kutoka: Mama wa wawili, Leicester

Salaam kwa wote, na ahsanteni sana. Mwalimu, hilo la ndugu limenishtua. Dada yake ana miaka minane, na shule ileile imesema naye aanze la tatu. Sikuwa nimeona kwamba wangekuwa darasa moja. Yeye kila kitu anakipata kwa juhudi, na mdogo wake anapenda kumsahihisha. Kabla hatujafika nianze na nini?

Kutoka: Mwalimu, Tabata

Basi hapo umeshapata jibu, dada. Huyo binti msimfanyie hivyo.

Anza na Kiswahili leo. Kila siku ukurasa mmoja, asome kwa sauti, kisha imla ya maneno matano, na umjibu kwa Kiswahili hata akikuuliza kwa Kiingereza. Beba ripoti za shule za wote wawili na vyeti vya kuzaliwa. Kwenye intavyuu omba wapimwe Kiswahili pia, hata kama si utaratibu wao, na ubaki na karatasi zake. Mkifika, wapeleke Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, kuna sehemu ya watoto, huyo kijana atajipatia vya kumtosha bila kusubiri darasa.

Ada lipa ya muhula mmoja tu. Novemba tuandikiane tena, utakuwa umeshaona madaftari yake.