Mdogo wangu ameelemewa na watoto watatu Vingunguti: nimpeleke kituo cha msaada cha mtaani kwao?

FundiSofa_GongoLaMboto

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Mdogo wangu wa kike anaishi Vingunguti, chumba kimoja, na watoto watatu. Wa kwanza ni binti wa miaka 13, yuko darasa la saba. Wa kati yuko la tatu, na wa mwisho hajatimiza miaka miwili. Shemeji aliaga mwezi wa tatu, akasema anakwenda Chunya machimboni. Akatuma elfu hamsini, baadaye elfu ishirini, kisha simu ikawa haipatikani mpaka leo. Mdogo wangu anafua nguo za watu asubuhi, jioni anakaanga mihogo.

Jumanne nilipita kwake saa nne asubuhi bila kutoa taarifa. Nikamkuta binti ndiye anamenya mihogo, mdogo wake kambeba mgongoni. Sare ya shule ipo kambani, imekauka mpaka imeshika vumbi. Nikamuuliza, "Leo hujaenda shule?" Akanijibu, "Mjomba, mama amesema nisubiri mpaka kodi ipatikane." Anasubiri wiki ya tatu sasa, na mtihani wa la saba ni Septemba.

Mimi ni fundi sofa, nina wangu wanne, kwa hiyo kile ninachompa kinaishia kwenye unga na mkaa. Mtaa wa pili kutoka kwake kuna kituo cha msaada wa familia. Nasikia wana wasaidizi wa kisheria, wanatoa ushauri, mchana watoto wanasomeshwa, na kina mama wanafundishwa kushona. Nimemwambia aende, amekataa. Anaogopa majirani watajua shida zake. Anaogopa pia kwamba ustawi wa jamii watamnyang'anya watoto. Na anasema hana cheti cha ndoa, kwa hiyo hana cha kudai. Wameishi pamoja tangu 2011, mahari ilitolewa nusu, basi. Kabla ya hapo tulishajaribu ofisi moja, tukaambiwa "njooni kesho" mara nne, ndiyo maana amekata tamaa.

Waliowahi kufika kwenye vituo vya namna hii, nimpeleke au nimwache?

MamaMapacha_Mbagala

Kaka, mpeleke. Mimi nilifika kwenye kituo cha namna hiyo huku Mbagala nikiwa na mapacha wa miezi minane. Nilishakaa nje kama nusu saa nataka kurudi nyumbani. Dada aliyenipokea alifunga mlango kwanza, kisha akaomba kadi za kliniki. Akazisoma taratibu, akanionyesha kwa kidole pale mstari wa uzito ulipoanza kushuka. Hakunisema. Alichukua mkoba wake tukaenda naye zahanati muda uleule, akakaa na mimi kwenye foleni mpaka tukaonwa. Habari za baba yao aliniuliza wiki iliyofuata, nilipokuwa tayari kuzisema.

Unga walinipa, sikatai, lakini ulikuwa wa siku chache. Kilichonibeba ni kwamba nilipata mtu anayejua mlango upi wa kugonga na anayekubali kwenda na mimi. Baadaye waliniunganisha na kina mama wenzangu tukaanza kikoba, na kikundi chetu kilipokomaa tukaomba ule mkopo wa halmashauri usio na riba. Majirani waliongea mwezi mmoja, wakachoka.

MsaidiziWaSheria

Mkuu, nafanya kazi hii, Temeke. Nianze na hofu ya kunyang'anywa watoto kwa sababu ndiyo inayowafunga kina mama wengi ndani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake. Kumtenganisha na mama ni jambo la mahakama, na linafanyika pale ambapo mtoto yuko kwenye hatari. Umaskini wa mama siyo kosa. Afisa ustawi akifika hapo, kazi yake ya kwanza ni kuona familia inasimamaje.

La pili, cheti cha ndoa. Matunzo ni haki ya mtoto, hayategemei wazazi walifunga ndoa au hawakufunga. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba yule ni baba: jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa, au ushahidi kwamba alijitambulisha mbele za watu kuwa ni wanawe. Na kwa faida ya dada, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inatambua dhana ya ndoa kwa watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mume na mke. Tangu 2011? Asidharau hilo hata kidogo.

Kituoni watamsikiliza, wataandika maelezo, na mara nyingi wanaanza kwa kumwita baba kwa barua wapatane kiasi cha kutuma kila mwezi. Asipoitika, wanamsaidia kuandaa maombi ya matunzo, na kwa huko kwenu Mahakama ya Watoto iko Kisutu. Sisi wasaidizi wa kisheria haturuhusiwi kusimama mahakamani badala yake, lakini tunamwandaa, na huduma ni bure. Ikionekana kulikuwa na kipigo, aseme mapema, maana hapo njia ni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na hospitali ya Amana ina kituo cha mkono kwa mkono ambapo matibabu, polisi na ushauri viko sehemu moja.

Binti arudi shule kesho, kabla ya yote hayo. Shule ya serikali haina ada, na mchango usiwe sababu ya kumkalisha nyumbani. Mkipata ugumu, muoneni afisa elimu kata.

Mjumbe_Mstaafu

Kwanza apite kwa mjumbe wake na serikali ya mtaa apate barua ya utambulisho. Inarahisisha sana, hata kwenye msamaha wa matibabu.

Dada_Tabata

Naomba niongeze tahadhari, na siyo kwamba napinga. Kabla hamjaingia, muulizeni mtendaji wa mtaa kama anakitambua kituo hicho. Ukiombwa hela ya fomu, ondokeni. Na wakitaka kuwapiga watoto picha, dada ana haki ya kukataa na bado ahudumiwe. Mdogo wangu mimi picha yake ilitundikwa ukutani na maelezo ya shida zake chini, yuko form two, mpaka leo hapiti njia ile.

FundiSofa_GongoLaMboto

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Asanteni sana, hasa MamaMapacha. Nilimsomea mdogo wangu ujumbe wako wote kwenye simu, alikaa kimya, kisha akasema, "Na mimi kadi ninayo."

Tulikwenda juzi. Mtendaji anakitambua kituo, hela hatukuombwa, picha hakuna. Mtoto mdogo amekutwa uzito uko chini, ameanza kliniki ya lishe. Mama mmoja wa pale alikwenda na binti mpaka kwa mwalimu mkuu, na leo ni siku ya pili yuko darasani. Asubuhi wanamwacha mdogo pale kituoni ili mama yake akafue.

Mwenye nyumba ameongeza wiki mbili. Hilo bado linanikaba. Barua ya wito ya shemeji imepelekwa kwa kaka yake Mbeya, na Alhamisi tunarudi kusikia. Asipoitika ni Kisutu. Tubebe nini?

MsaidiziWaSheria

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote. Ambaye hana, anzeni kufuatilia RITA, ofisi ya serikali inayotoa vyeti hivyo, sasa hivi. Barua ya serikali ya mtaa, nakala ya ile barua ya wito, na zile meseji za miamala ya elfu hamsini na elfu ishirini, msizifute. Na wewe mwenyewe nenda, wewe ni shahidi kwamba aliishi na dada yako na aliwaita wale watoto wanawe.

FundiSofa_GongoLaMboto

Meseji zipo kwenye simu yake ya zamani, kioo kimepasuka lakini inawaka. Naipeleka kwa fundi leo.