Mjadala: Ushuhuda wa aliyepona au takwimu za wageni kuhusu tiba ya saratani ya tezi dume?

Mwanzilishi wa mada
Baba mdogo, mkazi wa Umoja hapa Nairobi, amepatikana na saratani ya tezi dume ambayo bado haijaenea nje ya tezi. Jamaa humtumia video za watu wanaodai kupona kwa mitishamba, nami humsomea utafiti wa Uingereza. Yeye hushikilia kwamba ushuhuda wa aliyepona una uzito kuliko takwimu za wageni. Je, amekosea?

Muuguzi wa Eastleigh
Pole, ndugu yangu. Tuanze na lugha yetu, kwani hapo ndipo wengi wanapopotea. Tezi dume ni kiungo ambacho kila mwanamume anacho, lakini mitaani tumekigeuza kuwa jina la ugonjwa, na jina hilo moja hubeba uvimbe wa uzeeni usio saratani pamoja na saratani yenyewe. Anayesema "nilipona tezi dume" aulizwe kwanza kama alifanyiwa biopsi, yaani alitolewa vipande vya tezi vikapimwa maabara. Gome la mti wa muiri hutengenezewa dawa za uvimbe huo hata Ulaya, na hilo si ushahidi kwamba linatibu saratani.

Tena shahidi anaweza kuwa mkweli na bado akapotosha. PC-SPES, mchanganyiko wa mimea minane uliouzwa Marekani, ulishusha kweli kipimo cha PSA cha wagonjwa, yaani kiwango cha protini ya tezi dume kwenye damu. Mwaka 2002 uliondolewa sokoni kwa kuwa ulikutwa na dawa za viwandani ndani yake, ikiwemo warfarini, ambayo huzuia damu kuganda.

Mwalimu wa Kariobangi
Hayo nayakubali, dada, ila takwimu nazo zihojiwe. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwagawa wanaume 1,643 katika makundi ya upasuaji, mionzi na ufuatiliaji, yaani kupimwa mara kwa mara bila kutibiwa papo hapo, na matokeo ya miaka 15 yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kwamba takriban 3 tu kati ya kila 100 walikufa kwa saratani hiyo, bila tofauti kubwa baina ya makundi. Lakini karibu wote walikuwa Wazungu, ilhali Uingereza na Marekani kwenyewe wanaume weusi ndio hupatwa zaidi. Mzee ana haki ya kuuliza kama mtu wa aina yake alihesabiwa.

Muuguzi wa Eastleigh
Ana haki kabisa, mwalimu, na swali hilo linajibika kwa sababu watafiti walieleza waliwachunguza akina nani, jambo ambalo muuzaji wa dawa kwenye video halielezi. Mimi siuamini ukurasa wowote, hata wa hospitali kubwa, unaosifu upasuaji bila kutaja kuvuja mkojo na kupungukiwa nguvu za kiume, au usiosema nini hutokea mtu asipotibiwa. Ndugu, mwombe mzee akuonyeshe majibu ya biopsi, hasa alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani, kisha muulizeni daktari wake kama ufuatiliaji wa karibu unamfaa. Ukijua alama hiyo, rudi hapa tusome pamoja yale yanayomhusu.