Vumbi wakati wa kaskazi, koga wakati wa kusi: nifanye nini na hewa ya ndani? (Malindi)

MwanaMtangani
Assalam aleikum wanajukwaa. Nahitaji ushauri wa wanaoijua kazi hii, si wa wauzaji.

Nyumba ni ya vyumba viwili vya kulala, imejengwa juzijuzi huku nyuma, mbali na ufuo. Mawe ya machimbo, plasta ya saruji, rangi ya kung'aa, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini ya kusukuma. Barabara ya mbele ni ya murram na tuktuk hazikatiki. Kaskazi (upepo wa msimu mkavu) ikishika, meza iliyopanguswa asubuhi ina vumbi jekundu kabla ya adhuhuri. Kusi (upepo wa msimu wa mvua) ikiingia, vumbi linatulia lakini nyuma ya kabati kunaota koga nyeusi na nguo zinanuka. Mtoto ana pumu.

Kaka yetu yuko Riyadh. Anasema tufanye kama wao: tuzibe madirisha kwa mpira, tununue feni ya maji (zile zenye tangi) ipoze na kutia hewa unyevu, halafu tuweke mashine ya kusafisha hewa. Kabla sijatoa pesa: je, hayo yanafaa huku kwetu?

FundiBaridi
Waleikum salaam. Feni ya maji usinunue. Nitakueleza kwa hesabu, umpelekee na kaka.

Feni ile hupoza kwa kuvukiza maji, na maji huvukiza vizuri hewa ikiwa kavu. Riyadh kiangazi, chukua nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 15: kitambaa kibichi kikipigwa na hewa hiyo kitashuka hadi kama nyuzi 21, kwa hiyo feni nzuri itakupa hewa ya nyuzi 25 hivi. Malindi chukua nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75: kitambaa hicho hicho hakishuki chini ya 27, na feni itakupa 28. Umepata nyuzi tatu, na hewa inayotoka imebeba unyevu wa asilimia 90 na zaidi. Hiyo ni kumwagilia koga maji. Hata huko Saudia, mwambie akaulize watu wa Jeddah, walio kando ya bahari, kama feni hizo zinawasaidia miezi ya joto la unyevunyevu.

Vile vidude vya kutoa ukungu wa maji mezani ndiyo usiviguse kabisa. Maji ya visima vyetu yana chumvi na chokaa; kifaa kikiyapasua, madini hayo yanabaki hewani kama unga mweupe, na mtoto wa pumu anauvuta.

Sasa AC, maana najua mtafika huko. AC ya ukutani haileti hewa ya nje. Inazungusha hewa ile ile ya chumbani, na wavu wake wa plastiki unashika manyoya na vumbi la kuonekana kwa macho tu. Faida yake kubwa kwako ni kukausha hewa, na faida hiyo hupotea kwa njia hizi:

Kwanza, ukubwa. Chumba cha futi 12 kwa 12 kinatosheka na AC ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Ukifungiwa ya 18,000 kwa sababu "itapoza haraka", itapoza kweli, itazima baada ya dakika chache, na koili (mabomba ya baridi ndani ya AC) haipati muda wa kuvuta maji kutoka hewani. Chumba kinakuwa baridi na kibichi.

Pili, nyuzi. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande ikigusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26. Ukiweka 18 usiku kucha, ukuta unaotenganisha chumba na ukumbi unapoa, na upande wa ukumbi unatoka jasho. Watu hudhani bomba limepasuka. Weka 25 au 26, feni ya chini, na siku za mvua tumia ile alama ya tone la maji kwenye rimoti, yaani kukausha.

Tatu, tundu la mabomba nyuma ya AC. Mafundi wengi hutoboa tundu la milimita 65, wanapitisha mabomba, wanaliacha wazi kwa sababu AC inalifunika. Vumbi na hewa ya nje yenye unyevu huingia hapo saa zote. Lizibe kwa puti au povu la kuzibia, kutoka nje na kutoka ndani.

Osha wavu kila wiki mbili wakati wa kaskazi. Mara mbili kwa mwaka fundi afungue gurudumu la feni (lile refu la mapezi) na sinia ya maji, aoshe kwa pampu akiwa amefunga mfuko wa kukinga maji. Ukimulika tochi kwenye mdomo wa AC ukaona madoa meusi juu ya mapezi, hiyo ni koga na unapuliziwa usoni. Mtu anayekuja na brashi na kitambaa peke yake hajasafisha kitu.

ChokaaNaBoriti
Fundi amesema kweli kuhusu hewa, lakini ukuta nao una kesi yake. Nipo Lamu, kazi yangu ni nyumba za mawe, na nyumba hizi mpya za saruji zinaniletea wateja zaidi kuliko za kale.

Kwanza ujue unyevu unatoka wapi. Sogeza kabati. Kata kipande cha nailoni nzito, sentimita 60 kwa 60, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi wa karatasi pande zote nne, kisizibe nusu nusu. Kiache siku mbili. Maji yakiwa mbele ya nailoni, upande wa chumbani, ni umande wa hewa: fuata maneno ya FundiBaridi. Yakiwa nyuma, kati ya nailoni na ukuta, ukuta wenyewe umebeba maji.

Ukiwa umebeba, toka nje uangalie mambo mawili. Udongo uko juu kuliko sakafu ya ndani? Uteremshe hadi sentimita 15 chini ya sakafu, na maji ya paa yasimwagike mguuni pa ukuta. La pili ni chumvi. Ukuta unaolowa asubuhi ambayo haikunyesha, na ukikauka unaacha unga mweupe, una chumvi ndani: ama mchanga wa plasta ulizolewa ufuoni, ama maji ya kukorogea yalikuwa ya kisima cha chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75, na huku kwetu kiwango hicho kinapitwa karibu kila usiku. Hakuna rangi itakayoizuia. Itavimba, itabambuka, na mwenye duka la rangi atakuuzia nyingine.

Tiba: bambua plasta yote hadi nusu mita juu ya mahali unyevu ulipoishia, usiache vipande. Piga jiwe kwa brashi kavu, zoa unga wote uutupe nje, usiuoshe kwa maji maana utairudisha chumvi ndani. Acha ukuta uchi wiki kadhaa, ikiwezekana wakati wa kaskazi. Halafu plasta ya chokaa: chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa mtoni au wa shimo uliooshwa, chokaa iwe imelowekwa tangu jana yake au zaidi. Tabaka la milimita 10 tu, la pili baada ya la kwanza kushika, na unalinyunyizia maji kidogo siku tatu nne ili lisipasuke. Mwisho paka chokaa nyepesi mara tatu au nne. Usirudishe rangi ya kung'aa. Inafunga ukuta usipumue, na koga inakula uchafu ulio juu yake.

Kabati lisimame kwa miguu, sentimita 10 kutoka ukutani, tena lisiwe kwenye ukuta wa nje. Nyumba za kale hapa zina kiwanda (ua wa ndani) katikati cha kuvutia hewa, na hawakuwa na makabati ya mbao za kugandishwa.

Koga yenyewe ifute kwa maji ya sabuni, umevaa barakoa, kisha kausha kwa feni. Jiki (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) juu ya plasta inafuta weusi tu. Maji yake yanaingia ndani na mizizi inarudi. Na usithubutu kuchanganya jiki na dawa ya choo: hutoa gesi ya klorini.

MwanaMtangani
Ahsanteni sana. Nailoni nimeibandika, nitaleta majibu. Nimebaki na vumbi. Kama unyevu unataka nyumba ipumue na vumbi linataka ifungwe, nafuata lipi? Na mashine ya kusafisha hewa ninunue ya ukubwa gani?

BiHewaSafi
Dada, unafuata saa. Asubuhi mapema upepo umelala na barabara haijachangamka: fungua kila kitu, mlango kwa mlango, nusu saa hadi saa moja. Upepo ukianza kusukuma murram, funga upande wa barabara, acha wazi ulio mbali nayo. Usifunge nyumba mchana kutwa. Chumba kilichofungwa chenye watu watatu usiku mmoja hupita vipimo 2,000 vya hewa ya ukaa kwa milioni, wakati nje ni kama 420, na ndiyo maana mnaamka na kichwa kizito.

Kuziba kwa mpira nyumba nzima ni kazi bure kwa madirisha ya kusukuma. Kwenye fremu kuna ukanda wa manyoya. Ukiwa umelala au umeng'oka, vumbi linapita katikati palipokutana vioo viwili. Fundi wa alumini anaubadilisha kwa mita. Chini ya mlango wa mbele weka brashi ya mlango. Halafu panda juu uangalie dari: kwenye nyumba za mabati, vumbi huingia kupitia mapengo ya pembeni mwa paa, linalala juu ya jipsamu, na kila upepo ukitikisa linashuka kwenye matundu ya taa. Ziba kuzunguka taa kwanza kabla ya kulaumu dirisha. Wavu wa mbu nao uoshe kila wiki mbili. Chagua wa nyuzi za plastiki, maana wa chuma unaliwa na chumvi.

Fagio kavu lipumzike. Piga deki kwa kitambaa kibichi, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza. Zulia la manyoya litoe chumba cha mtoto, weka mkeka.

Mashine: nunua moja, ya chumba anacholala mtoto. Futi 12 kwa 12 na kimo cha futi 9 ni kama mita 37 za ujazo. Unataka hewa yote ipite kwenye chujio mara tano kwa saa, yaani mita 185 za ujazo kwa saa. Tafuta namba hiyo kwenye boksi, imeandikwa CADR, yaani kiasi cha hewa safi mashine inachotoa kwa saa. Chukua yenye 250 hivi ili uiendeshe kwa kasi ya kati. Ya kasi ya juu ina kelele na watu huizima usiku, saa ile ile inapohitajika. Chujio liwe la HEPA la kweli, yaani lile linaloshika chembe ndogo sana. Ikiwa boksi linajisifu kwa ozoni, iache dukani, ozoni inachokoza pumu. Wavu wa mbele usafishe kila wiki wakati wa kaskazi, la sivyo chujio la ndani litajaa kabla ya miezi sita.

Kipimo cha unyevu, kile kidogo cha betri, kinunue kabla ya mashine. Lengo ni chini ya asilimia 60 ndani ya chumba chenye AC. Vipimo vya vumbi vya bei nafuu visikutishe: unyevu ukipita asilimia 80 vinahesabu matone na chumvi ya bahari kama vumbi. Tena vumbi nene la murram havilioni vizuri.

Na hamkuniuliza moshi, lakini ndio mbaya zaidi kwa pumu. Dawa ya mbu ya kuchoma: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima koili moja ikatoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Weka chandarua. Jiko la makaa lisiingie ndani hata likiwa halitoi moshi, kwa sababu gesi yake ya kuua haina harufu. Udi sikukatazi, nani atakayekusikiliza ukimwambia mtu wa pwani aache udi, lakini fukiza mtoto akiwa nje, madirisha wazi, na asiingie hadi harufu ya moshi iishe.

TukaTuka
Nilichokiona mitandaoni ni kisanduku cha kusafisha hewa cha Wamarekani cha mwaka 2020, feni ya mraba na vichujio vinne vya inchi 20. Si rahisi zaidi kuliko mashine?

FundiBaridi
Kinafanya kazi vizuri, tena kina nguvu kuliko mashine nyingi ndogo. Shida ni kupata vitu. Vichujio viwe daraja la MERV 13 (kipimo cha uwezo wa chujio kushika chembe), unene wa inchi mbili, na huku si vya kuokota dukani. Feni ikiletwa kutoka Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 240 yetu inaungua papo hapo. Ukipata feni ya mraba ya 240 na vichujio, panga vinne viwe kuta, mishale yote ielekee ndani, chini kadibodi, juu feni ikipuliza kwenda juu, utepe wa gundi wa karatasi kila pembe. Halafu toboa tundu la duara la inchi 15 katikati ya kadibodi nyingine, uibandike kadibodi hiyo juu ya uso wa feni, kwa sababu pembe za feni hurudisha hewa chini. Usijaribu na chujio kimoja kilichobandikwa nyuma ya feni ya kawaida. Hewa inabanwa, mota inapata moto, na kinachosafishwa ni kidogo.

MwanaMtangani
Majibu ya nailoni: maji yako nyuma, na chini ya rangi kuna unga mweupe.

ChokaaNaBoriti
Basi ni chumvi. Usipake rangi. Bambua ukuta huo mmoja kwanza, kabati lihamie ukuta wa ndani, na mchanga wa fundi uuonje kwa ulimi kabla haujashushwa kwenye gari.