Ulinganisho wa sheria za leseni za teksi: kufunga idadi, kufungua mlango au kubana apu?

Mwana wa Tudor (mwanzilishi wa mada)

Salaam aleikum nyote. Naomba tulinganishe njia ambazo miji mbalimbali imezifuata katika kurekebisha sheria za leseni za teksi, kisha tuseme ni ipi ingewafaa madereva wa Mombasa. Sababu yangu ni ya nyumbani. Marehemu baba aliendesha teksi kwa miaka mingi, gari jeupe lenye mstari wa manjano, na nafasi yake pale stendi aliinunua kutoka kwa dereva aliyekuwa akirudi kwao Taita, kwa fedha ambazo wakati huo zingetosha kununua pikipiki. Alipofariki, mama aliuliza nafasi hiyo tumuuzie nani. Hakujitokeza mtu. Kati ya siku aliyoinunua na siku tuliyotaka kuiuza, apu za kuitia teksi kwa simu zilikuwa zimeingia mjini, Uber ikianza hapa mwaka 2016 na nyingine zikifuata, na mwenye simu na beji ya PSV, yaani ya dereva wa gari la abiria, hakuwa tena na haja ya kumlipa yeyote ili aegeshe chini ya mwarobaini wetu.

Njia nilizoziona ni nne. New York ilifunga idadi: tangu sheria ya mwaka 1937, teksi ya manjano haiwezi kupakia abiria barabarani bila kibati cha leseni kinachopigiliwa kwenye boneti, na vibati vyenyewe ni 13,587 tu. Dublin ilikuwa imefunga vilevile, hadi uamuzi wa mahakama kuu ya huko mwaka 2000 ulipoondoa ukomo na kila aliyetimiza masharti akaweza kupata leseni. London inategemea mtihani, ambapo dereva wa teksi nyeusi hujifunza mitaa takriban 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, kazi ambayo kwa wengi huchukua miaka mitatu au zaidi. Kenya imechagua kubana makato: kanuni za NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama, za mwaka 2022 zinaikataza kampuni ya apu kumkata dereva zaidi ya asilimia 18 ya nauli.

Kwa sasa naelekea upande wa Dublin, mradi waliopoteza nafasi zao wafidiwe. Nisahihisheni.

Stendi ya Zamani

Aleikum salaam mwanangu. Baba yako nilimjua, tulikuwa tukipokezana gazeti moja asubuhi nzima. Mimi nasema idadi ifungwe, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu vijana hudhani stendi ilikuwa kundi la wazee waliokaa kupandisha bei.

Stendi yetu ilikuwa na daftari la zamu. Ukifika alfajiri unaandika nambari ya gari, na abiria akitokea hotelini anapewa aliye juu ya orodha, awe anakwenda Mwembe Tayari au Malindi. Ukipata safari fupi na mwenzako akapata ndefu, hiyo ni riziki, kesho itageuka. Mwenye mgonjwa nyumbani aliruhusiwa kuruka mbele. Msimu wa watalii ukiisha na mvua za Mei zikaanza, tuliweza kukaa siku mbili bila safari, lakini sote tulikaa kwa usawa, na aliyekosa kabisa alichangiwa chakula. Gari likigonga, ndugu wa stendi ndio waliokuwa wa kwanza kufika. Utaratibu huo uliwezekana kwa sababu tulijuana idadi. Ungetuletea magari mia katika mwezi mmoja, daftari lingekuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Kuhusu mtihani, sisi pia tulikuwa na wetu ingawa haukuwa na cheti. Nenda Mji wa Kale na ramani ya simu, ukatazame inavyokuingiza katika kichochoro ambacho hata mkokoteni unapita kwa kuomba radhi.

Beji Mpya

Shikamoo Ami. Ninaheshimu hayo yote, lakini nikuulize kwa adabu: kijana asiye na fedha za kununua nafasi angeingia vipi katika daftari hilo? Mimi nilijaribu stendi mbili mwaka 2017 na zote mbili niliambiwa ningoje mtu afe au ahame. Apu ilinichukua kwa leseni, beji, cheti cha mwenendo mwema na gari la mtu.

Hata hivyo sitaki mtu adhani kwamba huku ni peponi, kwa hiyo naweka hesabu ya safari moja ya wiki iliyopita. Abiria alikuwa Bamburi na mimi nilikuwa kilomita 4 kutoka kwake. Nikamfuata, nikampeleka kilomita 9, nauli ikasoma shilingi 500. Makato ya asilimia 18 ni shilingi 90, zikabaki 410. Gari langu mjini, na msongamano wa daraja la Nyali, linakwenda kama kilomita 12 kwa lita moja, kwa hiyo nilichoma zaidi kidogo ya lita. Tukiihesabu lita kwa shilingi 200, bei ambayo mwaka 2023 ilipitwa, mafuta ni shilingi 217. Mkononi zikabaki 193, na hapo sijarudi nilikotoka, sijamwekea tajiri, mwenye gari, hesabu yake ya siku, sijaosha gari.

Sasa tazameni kanuni ya asilimia 18. Kama makato yangekuwa robo ya nauli, kama tulivyozoea kabla ya hapo, ningebaki na 375 badala ya 410. Kanuni imeniokolea shilingi 35, na ninashukuru. Lakini nauli yenyewe hupangwa na kampuni. Ikiishusha safari hiyo hadi shilingi 400 ili ishindane na jirani yake, asilimia ni ileile, sheria haijavunjwa, na mimi nimepoteza shilingi 82 kwa kilomita zilezile. Kwa hiyo kama kuna jambo la kurekebisha, liwe nauli ya chini kabisa kwa kilomita, ikihesabu pia zile za kumfuata abiria.

Tajiri wa Gari Moja

Mimi ndiye huyo tajiri anayesemwa, ila utajiri wenyewe ni gari moja la mkopo. Benki hainiulizi msimu. Bima ya kubeba abiria ni ghali kuliko ya gari la nyumbani, ukaguzi ni wa kila mwaka, na gari linalolala barabarani huzeeka haraka.

Nitasema jambo lililo kinyume na maslahi yangu. Idadi ikifungwa, mtu kama mimi ndiye atakayefaidika kwanza, wala si dereva. Ndivyo ilivyokuwa New York: kibati kiligeuka mali ya kuwekea dhamana, wenye mitaji wakavikusanya na kuvikodisha kwa zamu, na bei ikapanda hadi kupita dola milioni 1 mwaka 2014. Madereva wengi, wengi wao wahamiaji, walikopa ili wawe na chao. Apu zilipoingia bei iliporomoka chini ya dola 200,000 lakini deni halikuporomoka. Mwaka 2018 baadhi yao walijiua. Mwaka 2021, baada ya madereva kugoma kula mbele ya ofisi za jiji, ndipo mikopo ilipopunguzwa hadi dola 170,000 kwa dhamana ya jiji. Ami anataka idadi ifungwe kwa ajili ya udugu wa stendi, lakini udugu hauandikiki katika leseni, na kinachoandikika kitauzwa.

Wakili wa Ukuta

Naongeza upande wa sheria, kwa sababu naona tunazungumza kana kwamba kuna ofisi moja ya kuiendea. Leseni ya kubeba abiria hutolewa na NTSA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012 na ni chombo cha serikali ya kitaifa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti barabara zake, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Stendi ya teksi, kwa hiyo, ni jambo la kaunti: ni maegesho, hulipiwa, na askari wa kaunti anaweza kukuondoa. Gari la apu halihitaji stendi. Linazunguka au linaegesha popote hadi simu ilie. Matokeo yake ni kwamba dereva wa stendi hulipa pande mbili na kusimamiwa pande mbili, ilhali mshindani wake ana upande mmoja tu wa kujibu. Mageuzi yasiyogusa tofauti hiyo, hata yawe na jina zuri namna gani, yatamwacha Stendi ya Zamani pale alipo.

Kuhusu hoja ya Beji Mpya, si ndoto. New York iliweka kima cha chini cha malipo kwa madereva wa apu mwaka 2019, na hesabu yake inazingatia muda ambao gari halina abiria. Uingereza ilipitia mlango mwingine: Februari 2021 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi kwa maana ya sheria, wanaostahili kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo.

Matatu pia inafaa kutazamwa. Kanuni za mwaka 2014 zililazimisha kila matatu kuwa ndani ya sako, yaani ushirika wa akiba na mikopo, au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Kuna waliolalamika, lakini leo sako ina ofisi, ina akiba, na inaitwa mezani. Stendi za teksi hazina umbo hilo.

Msafiri wa Likoni

Niwakumbushe kwamba kuna anayekaa kiti cha nyuma.

Nikishuka kivukoni saa nne usiku na mtoto amelala begani, sitaki kuulizwa "sema yako mama". Nataka kujua nauli kabla ya kufungua mlango, nambari ya gari ibaki kwenye simu ya mtu wa nyumbani, na nisizungushwe. Kwa hayo apu imenisaidia sana. Lakini pia nimewahi kukubaliwa na dereva, akanipigia kuuliza ninakwenda wapi na kama nalipa taslimu, nikamjibu, na safari ikafutwa papo hapo huku mvua ikinyesha. Mara tatu mfululizo, madereva watatu tofauti. Aliyenifikisha nyumbani usiku ule alikuwa mzee wa stendi, na siku ya pili alirudisha kiatu cha mtoto kilichosahaulika garini, bila mimi kumpigia.

Kwa hiyo sina upande kati ya stendi na apu. Nasema leseni, iwe ya njia yoyote, iwe na bei iliyoandikwa na adhabu kwa anayekataa safari baada ya kuikubali.

Mwana wa Tudor

Ahsanteni. Nimebadilisha mawazo kwa sehemu, na naona vyema niseme wapi.

Niliisifu Dublin bila kuifuatilia hadi mwisho. Kabla ya mwaka 2000 leseni ilikuwa ikiuzwa mkononi kwa takriban pauni 80,000 za Ireland, na thamani hiyo ilitoweka kwa siku chache. Serikali haikufidia kila mtu. Iliunda jopo la kusikiliza walioumia zaidi, na malipo yaliyopendekezwa mwaka 2002 yalikuwa kati ya yuro 3,000 na 15,000. Kisha, magari yalipojaa, mwaka 2010 mlango ulirudishwa nusu: leseni mpya zikabaki kwa magari yanayoweza kubeba viti vya magurudumu. Jimbo la Victoria, Australia, lilikwenda mbali zaidi mwaka 2017, kwa kuwalipa wenye leseni dola 100,000 za huko kwa leseni ya kwanza na 50,000 kwa nyingine hadi tatu, na sehemu ya gharama ikapatikana kwa tozo ya hadi dola 1 kwa kila safari, ya teksi na ya apu sawasawa. Tozo ndogo kama hiyo naiona inawezekana hapa, kwa sababu apu tayari zinajua idadi ya safari zake.

Lakini kote huko kulikuwa na karatasi. Mtu alionyesha leseni yenye jina lake, akalipwa. Baba alinunua nafasi kwa kupeana mkono. Tukienda kaunti au kwa NTSA kudai fidia, tutaambiwa hakuna kilichochukuliwa, kwa kuwa hakuna kilichowahi kutolewa. Kwa hiyo nauliza jambo moja, Ami: daftari la zamu liko wapi?

Stendi ya Zamani

Liko kwangu, mwanangu. Hili la mwisho, na mengine matatu ya nyuma yake, ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati. Nimelifungua baada ya kusoma maneno yako. Nambari ya gari la baba yako ipo karibu kila ukurasa, kwa mwandiko wake mwenyewe, na pembeni ameweka alama siku ambazo hakupata safari. Ila nimetafuta ukurasa hadi ukurasa na sikuona popote palipoandikwa nani alinunua nafasi ya nani wala kwa shilingi ngapi. Fedha tulizipeana pale chini ya mwarobaini, mashahidi wakiwa wawili, na mmoja wao ni mimi.

Huyo shahidi wa pili bado yuko hai, anakaa Mtwapa. Jumapili nitakwenda kumtazama. Ukipenda, njoo na kalamu.