Maneno ya hisia katika Kiingereza huwa aina gani?

Swali: Ndugu zangu, neno "love" nimeliona likiwa nomino na pia kitenzi, ilhali "happy" huitwa kivumishi tu. Aina ya neno la hisia hutambuliwaje?

Jibu: Tazama kazi ya neno katika sentensi, si maana yake. Katika "I fear snakes", "fear" ni kitenzi. Katika "fear of snakes" ni nomino, ingawa umbo halikubadilika hata kidogo.

Jibu: Naongezea kwamba vivumishi vingi vya hisia hutokana na vitenzi, na hapo ndipo wengi hujikwaa: "bored" humweleza anayehisi, "boring" hueleza kinachosababisha, kwa hiyo anayejiita "boring" amejitukana bila kujua.

Jibu: "Wow" na "ouch" ni vihisishi.