Tangi la maji ya kunywa linavuja kwenye boti: tupeane uzoefu, uliziba vipi na ikakaa muda gani?

Mzee wa Ngama

Wakuu, habari za majini.

Naanza mimi ili wengine wapate pa kushikia. Boti yangu ni ya matanga, na nalala humo miezi mingi ya mwaka. Tangi ni la stenlesi, lita 180, limekaa chini ya kitanda cha mbele. Siku moja nainua ubao wa sakafu, nakuta maji kwenye ngama, pale chini kabisa ndani ya boti yanapokusanyika. Nikachovya kidole nikaonja. Najua si jambo la kupendeza, ngama ni ngama, lakini hakuna kipimo cha haraka kuliko ulimi. Matamu. Nikapumua, maana boti haizami. Halafu nikanuna, maana kinachoondoka ni maji yangu ya kunywa.

Wiki mbili nikahangaika pasipo sababu. Nikabadilisha klempu zote, nikabadilisha mpira wa kujazia, nikafungua na kufunga kila kiungo. Maji yaleyale. Kosa langu ni kwamba nilikuwa natafuta pale maji yalipotokea, nyuma, karibu na mkuku. Boti ina mteremko wake na mataruma yake, yaani mbavu zake, maji yanapita chinichini mpaka yapate pa kukusanyika. Tundu lenyewe lilikuwa mbele kabisa, kwenye kona, ubavuni mwa mchomeleo, dogo hata ncha ya sindano haipiti. Kulifikia ilibidi nibomoe kitanda kizima.

Stenlesi inajilinda kwa ngozi nyembamba inayohitaji hewa. Sasa lile tangi lilikaa juu ya ubao uliolowa miaka na miaka, hewa haipiti. Chuma kikaliwa kwa vishimo, hasa karibu na mishono, maana pale moto wa kuchomelea ulishakidhoofisha. Fundi akanichomea kiraka kizuri, nikalirudisha tangi, nikajenga kitanda upya. Baada ya miezi miwili likavuja sentimita kumi kutoka kwenye kiraka. Safari ya pili nilikata sakafu yote ya tangi ikawekwa bati jipya, na chini nimeweka vipande vya raba ili lisilalie ubao moja kwa moja. Mpaka leo kavu.

Haya, leteni yenu. Semeni na aina ya tangi, maana kinachoponya chuma hakiponyi plastiki.

Kasia Moja

La kwangu ni plastiki, polithini nene. Ufa ulianzia kwenye kiungo cha kutolea maji. Aliyefunga kabla yangu alitumia kiungo chenye hesi (mistari ya skrubu) nyembamba mwanzo na nene mwisho, kisha akakaza kwa nguvu zake zote. Hesi ya namna hiyo ni kabari. Kila unapokaza, unapasua.

Nikapiga msasa, nikafuta vizuri, nikapaka epoksi safi kabisa. Kesho yake nikaigusa kwa kucha, ikabanduka nzima kama gamba la samaki. Nikarudia. Ikabanduka tena. Ndipo mzee mmoja gatini akaniuliza, "Kijana, umewahi kuona gundi ikishika kwenye dumu?" Kweli, polithini haishikwi na kitu kirahisi.

Akanionyesha kupitisha moto wa buluu juu ya plastiki harakaharaka, bila kuuacha mahali pamoja, bila kuyeyusha. Kisha nyunyiza maji. Yakisimama matone matone, bado. Yakitanda kama utando, sehemu imekubali, kausha na upake epoksi saa hiyohiyo. Nilitoboa vitundu viwili kwenye ncha za ufa ili usiendelee, nikapitisha moto, nikapaka. Ilishika msimu mzima.

Baadaye nilichomea kwa plastiki yenyewe, kwa kutumia vipande nilivyovikata kwenye tangi hilohilo nilipotoboa mlango wa kukagulia. Huu ndio uzibaji ninaouamini. Lakini angalieni, kuna polithini ambayo kiwandani imefungamanishwa isiyeyuke tena. Hiyo ukiichomea inaungua tu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Upepo wa Kusi

Mimi nilipaka silikoni. Ikakaa safari moja. Ya kurudi haikukaa. 😂

Dada wa Demani

Wakuu, naomba niseme kitu kabla watu hawajaanza kubomoa vitanda. Langu halikuwa tangi.

Nilikuta maji matamu kwenye ngama kama mwenzetu hapo juu. Nikamwita fundi, akaangalia kidogo akasema tangi limekufa, litolewe. Kulitoa kwenye boti yangu ni kuvunja nusu ya jikoni. Usiku ule sikupata usingizi, ndipo nikasikia pampu ya maji inaruka. Trrr, kimya. Baada ya dakika ishirini, trrr, kimya. Hakuna koki iliyofunguliwa.

Pampu inafanya kazi presha ikishuka. Tangi likivuja lenyewe, pampu haina habari. Kwa hiyo pampu ikiruka usiku bila mtu kutumia maji, tafuta mbele ya pampu: mipira, koki, heta. Pampu ikiwa kimya na ngama inajaa, hapo rudi kwenye tangi na mpira unaotoka tangini kwenda kwenye pampu. Nikazima pampu usiku mmoja, asubuhi ngama kavu. Ilikuwa valvu ya usalama ya heta ya maji. Maji yakipata moto yanatanuka, valvu inaachia kidogo, ndiyo kazi yake, ila yangu ilikuwa imechakaa haifungi tena. Kifaa cha kushika kiganjani.

Na wale mnaoona tangi limelowa nje tu: futeni, kisha mfunge karatasi kavu sehemu ya juu. Tangi lenye maji ya baridi kwenye boti yenye joto linatoka jasho. Jasho linatanda kote hadi juu, lakini maji ya tundu hayalowanishi sehemu iliyo juu ya tundu.

Mzee wa Ngama

Dada, hapo kwenye pampu umenigusa. Laiti ningejua.

Swali kwa wote: mnapimaje tangi nje ya boti? Mimi nilitaka kutia upepo na sabuni, fundi akakataa.

Nanga Tatu

Fundi wako mshukuru. Mimi nilitia upepo.

Tangi la alumini, ubavu wake sentimita 80 kwa 60. Nikaziba kila tundu, nikachomeka pampu ya kujazia boti ya mpira. Nikasema nitaweka kidogo tu. Ile "kidogo" ilikuwa sehemu moja ya kumi ya bar (kipimo cha presha), ambayo kwenye geji ya kawaida hata mshale hausogei. Pigeni hesabu: kwenye ubavu wa ukubwa huo ni karibu nusu tani inasukuma kutoka ndani. Ukavimba kama chapuo la ngoma, mishono ya kuta za ndani ikaachia kwa mlio mmoja. Nilianza na tundu moja, nikamaliza na tangi la kutupa.

Siku hizi nasimamisha mpira juu ya mdomo wa kujazia, najaza tangi mpaka maji yapande kwenye mpira nusu mita hivi juu ya tangi, basi. Hayo tu yanatosha kulifanya tundu liseme. Natia na rangi ya chakula, napanga karatasi nyeupe chini.

Tena hilo la alumini lilitoboka kwa sababu mtu alifunga kiungo cha shaba moja kwa moja juu yake. Shaba na alumini zikikutana penye maji, inayoliwa ni alumini. Kuzunguka kiungo kulikuwa na unga mweupe, ukikwangua unakuta chuma laini kama biskuti. Sehemu hiyo hata kuchomea haifai, moto unapitiliza. Kata mpaka upate chuma kizima.

Baharia Mchovu

Mimi ilinikuta katikati ya maji, siku ya nne, bado siku tano kufika. Nitasema nilivyofanya kwa mpangilio wake kwa sababu nilianza vibaya.

Nilianza kwa kutafuta gundi. Nikapoteza saa nzima nachambua sanduku la vifaa huku maji yanashuka. Mwenzangu ndiye aliyesema, "Wewe, yahamishe kwanza." Tukajaza madumu, masufuria, chupa, kila chenye mdomo. Tukaokoa kama lita 70. Ukishakuwa na maji pembeni, akili inatulia.

Tundu lilikuwa kwenye stenlesi, ubavuni, na kwa bahati mkono unafika. Kwa kuwa bati lilikuwa gumu pembeni ya tundu, nilifunga skrubu fupi ya stenlesi yenye washa ya raba. Ikapunguza, haikumaliza. Juu yake nikakanda ile epoksi ya udongo, ya vijiti viwili, inayoganda hata kwenye unyevu. Nikaikandamiza kwa kidole gumba mpaka kidole kikafa ganzi. Tukafika nalo.

Nilipofika nililifungua na kuziba upya kwa ndani. Kiraka cha ndani maji yenyewe yanakikandamiza. Cha nje maji yanakisukuma kitoke, hata uwe fundi wa aina gani. Ndiyo maana naona tangi lisilo na mlango wa kuingiza mkono ni tangi la mtu asiyetegemea kulitengeneza.

Tanga Jeupe

Nakubaliana nawe kuhusu mlango. La kwangu ni faiba, limejengwa pamoja na mwili wa boti, halitoki hata ufanyeje. Nikakata milango miwili ya juu, mmoja kila chumba, maana katikati kuna ukuta wa kuzuia maji yasiyumbe.

Ufa ulikuwa kwenye kona ambapo ukuta unakutana na mwili. Kilichonichosha ni kukausha. Faiba iliyokaa na maji miaka mingi imeyanywa, ukipiga msasa leo inaonekana kavu, kesho imechuruzika. Niliweka taa ya joto na feni siku sita. Kisha nikakwangua mpaka nyuzi, nikalaza vitambaa vitatu vya faiba kwa epoksi, kila kimoja kipana kuliko kilichotangulia.

Msitumie resini ya kawaida ya poliesta mkaacha hivihivi. Mwenye boti jirani alifanya hivyo, maji yake yakawa na ladha ya rangi mbichi msimu mzima. Tafuteni epoksi iliyoidhinishwa kwa maji ya kunywa. Kipimo kinachoandikwa kwenye kopo mara nyingi ni NSF/ANSI 61. Hata hiyo usiijaze maji kesho yake. Mimi niliiacha wiki mbili, nikajaza na kumwaga mara tatu. Na ukiwa kichwa kimo ndani ya tangi, weka feni na mtu wa kukuangalia. Mvuke ule unalevya.

Kasia Moja

Naongezea kuhusu kusafisha baada ya kuziba, maana mikono yetu ilishaingia humo. Natumia klorini ya maji ya asilimia 5, isiyo na manukato: mililita 200 kwa tangi la lita 200. Nafungua kila koki mpaka harufu itoke, naacha saa nne, namwaga, nasuuza mpaka harufu iishe. Usiache siku nzima kwenye stenlesi wala alumini, klorini hiyohiyo inaanza kula tangi. Na usichanganye na siki.

Upepo wa Kusi

Swali la kizembe: kwa nini mtu asiweke tu mfuko wa maji ndani ya tangi bovu?

Nanga Tatu

Si la kizembe. Wapo wanaofanya na unafaa, ila toa kwanza kila ncha kali humo ndani. Na kama tangi lina kuta za kuzuia kuyumba, mfuko hauingii. Mfuko ukisuguana na bati kwenye mawimbi, unarudi palepale.

Mzee wa Ngama

Asanteni wote. Baada ya kusoma ya Baharia Mchovu nimekata mlango kwenye tangi langu la pili, la plastiki, nililokuwa naliamini. Kuna ufa kama unywele chini ya kiungo cha kutolea maji. Hesi ni ileile ya kabari aliyoisema Kasia Moja.

Nimelegeza, nimetoboa ncha, nimechomea. Jana jioni nimejaza, nikatumbukiza kijiti nikaweka alama ya penseli. Asubuhi hii maji yako palepale kwenye alama. Nitapima tena jioni.